Jiwe la Kusimamia

Nimeandika nyuma ya risiti ya stima:
maji, lita mbili kwa kila kichwa,
na lita moja ya ziada ambayo hakuna atakayekubali kuibeba.
Mayai sita. Mihogo ichemshwe usiku,
asubuhi hatutakuwa na mkono wa kumenya.
Chumvi kwenye karatasi.
Bandeji ya goti la mama, nikaandika,
kisha nikafuta "la mama",
maana anasoma.

Wafubwa anasema ni mlima wa wastani.
Wastani ni neno la mtu wa miaka ishirini na sita
mwenye magoti ambayo hayajawahi kumsemesha.
Anachora kwa kidole kwenye vumbi la boneti:
hapa tunaacha gari, hapa pana miiba,
hapa njia inakwisha na jiwe linaanza,
limelala kimshazari kama paa la mabati.
"Viatu viwe na meno," anasema.
Basi jana nilizunguka Gikomba jua zima
nikapata jozi, thelathini na tisa, meno bado yapo,
kamba moja nyekundu, nyingine rangi ya chai.
Muuzaji aliapa vimeshapanda milima ya Ulaya.
Nikamwambia basi vinarudi kazini.

Tunatoka Njiru saa kumi na moja, kabla ya malori.
Kileleni saa nne na nusu, jua likiwa bado lina adabu.
Saa sita, popote tulipo, tunageuka,
hata kama kilele kiko umbali wa kurusha kokoto.
Hiyo ndiyo sheria.
Nimeipigia mstari mara mbili
kwa sababu namjua atakayeivunja.

Yuko jikoni, anajifanya hasikii.
Miaka kumi na minane alikaa chini ya mwavuli uliotoboka
pale machimboni, nyundo mkono wa kulia,
mpira wa tairi kwenye vidole vya kushoto,
akilipunguza jiwe likawa kokoto,
kokoto zikawa debe,
debe likawa sare ya shule,
sare ikawa mimi.
Akipita Kayole huyasalimia magorofa
kama watoto wa jirani waliokua haraka.
Ukucha wa kidole gumba haujarudi hadi leo.

Mwezi uliopita, mvua ilipokwisha kuosha anga,
tulikuwa tukianika nguo juu ya paa
akauliza kile ni nini, kule upande wa Athi,
kilichoinama kama ng'ombe anayekunywa maji.
Lukenya, nikasema. Jiwe tupu.
Akabana kibanio kati ya meno, akatazama.
"Na hawajalivunja?"
Bado.
Akamaliza beseni zima bila neno,
kisha, akiwa amenipa mgongo:
"Nipeleke nikasimame juu ya jiwe
ambalo halinidai kitu."

Kwa hiyo narudi kwenye orodha.
Kofia. Filimbi ya Ndunge, ile ya michezo ya shule.
Simu ijae chaji. Jina la zahanati iliyo karibu,
hilo nimeliandika kwa herufi ndogo.
Mawingu yakishuka hatupandi, jiwe likilowa huwa sabuni.
Mvua ikinyesha usiku huu tutangoja Jumapili nyingine.
Yeye amesema amekwisha kungoja,
nami nimesema basi tutaona.

Saa nne usiku. Mihogo inatokota.
Nafungua begi nihesabu tena:
chupa, chumvi, bandeji,
na chini kabisa, imefungwa ndani ya leso,
nzito kuliko ile lita ya ziada,
nyundo.

Mama, hii ya nini?

Haangalii. Anageuza mhogo kwa uma.
"Si ya kuvunja," anasema.
"Nayo haijawahi kuona juu."